Wepesi wa Mfumo na Uzito wa Maneno: Kiswahili cha Kompyuta ya Kujitengenezea

Sifa ya -epesi katika Kiswahili huchukua maana tatu ambazo lugha nyingine huzigawa. Mzigo mwepesi ni ule usiolemea. Mtu mwepesi ni yule afanyaye mambo kwa haraka. Na swali jepesi ni lile lisilomsumbua mtahiniwa. Kinyume chake ni -zito, nacho huenda njia hizo hizo: ndiyo maana Mtanzania akiwa na kompyuta iendayo polepole husema kwamba ni nzito, bila kuwa ameinyanyua. Mtu anapoambiwa kwamba upo mfumo endeshi mwepesi, uwezao kuifufua mashine yake ya zamani, husikia ahadi zote tatu kwa pamoja. Ahadi mbili za kwanza ni za kweli. Ya tatu si ya kweli hata kidogo, na hapo ndipo suala la lugha linapoanzia.

Mifumo inayohusika hapa ni ile iliyojengwa juu ya Linux, yaani ile kokwa ya mfumo aliyoitoa Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Juu ya kokwa hiyo watu wengi wamejenga mifumo mizima, mikubwa kwa midogo. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu, ambayo msomaji wa Kiswahili hatakawia kulitambua jina lake kuwa ndugu wa utu, ilitoka mwaka 2004. Kando ya hiyo mikubwa imezuka midogo: Puppy, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003 na kupewa jina la mtoto wa mbwa, Damn Small Linux, ambayo mwanzoni ilijiwekea sharti la kutopita megabaiti 50, Tiny Core, ambayo ni ndogo zaidi ya hiyo, na antiX, iliyojengwa huko Ugiriki juu ya msingi wa Debian. Wepesi wao hautokani na uchawi. Kokwa ni ile ile. Kinachoondolewa ni lile vazi la juu, yaani mkusanyiko mkubwa wa programu unaochora eneo-kazi, kuonyesha vivuli, kukumbusha mambo na kupokea mipangilio yote kwa picha. Mahali pake huwekwa kisimamizi cha madirisha peke yake, kama IceWM au Openbox, ambacho hula memori kidogo sana. Puppy huweza kujinakili nzima katika memori wakati wa kuwashwa, hata fleshi iliyouleta mfumo ikachomolewa.

Walakini kilichoondolewa kilikuwa na kazi yake. Lile vazi la juu ndilo lililokuwa likimficha mtumiaji asione maandishi. Likivuliwa, mipangilio hubaki katika mafaili ya maandishi matupu, na kila mtu hana budi kuyafungua, kuyasoma na kuyaandika upya kwa mkono wake. Kiswahili kina kitenzi kilicho tayari kwa jambo hili: kujitengenezea, chenye ji- ya kujirejea na kauli ya kutendea ndani yake, kikieleza mtenda na mtendewa kuwa ni mtu mmoja. Basi mfumo mwepesi ni mfumo wa kujitengenezea, na mfumo wa kujitengenezea ni mfumo wa kusomwa. Mfumo mzito waweza kutumiwa na mtu asiyejua lugha yake, akikariri mahali pa kubonyeza. Mwepesi hauwezi kutumiwa hivyo. Kwa hiyo ni katika mfumo mwepesi, wala si katika ule mzito, ambapo Kiswahili cha kompyuta hupimwa sawasawa.

Jambo hili si la anasa kwa mkoa kama Singida. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, na Windows 11 iliyofuata hudai memori ya gigabaiti 4 na kifaa cha usalama ambacho mashine nyingi za miaka iliyopita hazina. Mashine hizo hazijaharibika. Zinawaka, zinaandika, zinachapa. Kompyuta ya mezani inayofika Singida mjini, Kiomboi, Manyoni au Nduguti aghalabu imekwisha kupita katika mikono miwili au mitatu kabla ya kuwekwa kwenye meza ya steshenari, mahali ambapo watu huandikiwa barua za maombi ya kazi na kutolewa nakala za vyeti. Mwenye duka kama huyo, mashine yake ikiwa na memori ya gigabaiti 1, ana njia tatu: kununua nyingine, kuendelea na mfumo usiolindwa, au kuingia katika mfumo mwepesi na maandishi yake yote.

Tena Singida ni mahali pazuri pa kuyasikilizia maneno. Katika mkoa huu na mikoa inayoupakana hukutana lugha za makundi ambayo kwingineko katika Afrika hayakutani kwa ukaribu namna hii: Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu na Kigogo, ambazo ni za Kibantu, Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti, Kiiraki, ambacho ni cha Kikushi, na Kihadzabe, ambacho Greenberg alikitia katika kundi la Khoisan mwaka 1963 lakini ambacho wataalamu wengi wa siku hizi hukihesabu kuwa hakina ndugu. Kwa wengi wa watu hawa Kiswahili ni lugha ya pili, waliyoipata shuleni, sokoni na ofisini. Mtoto husomeshwa kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha kidato cha kwanza humpokea kwa Kiingereza, na kompyuta, kama ipo, humngojea upande wa pili wa mpaka huo. Istilahi ya Kiswahili isiyoeleweka hapa haina wa kuitetea, kwa sababu msikilizaji hana kumbukumbu za pwani za kumsaidia kuikisia.

Kompyuta na Kiswahili hazikukutana jana. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kuanza kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, katazo lililokuja kulegezwa baadaye. Kwa hiyo kwa muda mrefu wataalamu wa istilahi walikuwa wakitafutia majina vitu ambavyo wananchi hawavioni. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2004, wakati mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulipotoa programu za ofisi katika Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Muda si mrefu baadaye kampuni ya Microsoft nayo ilitoa Kiswahili cha Windows na Office. Jina la Kilinux ni zuri: ki- ya lugha na ki- ya namna ya kutenda zimekaa humo kwa utulivu, kama katika Kiswahili, kijeshi na kizamani. Jina la Jambo halina sifa hiyo. Mswahili humwuliza mwenzake hujambo au hamjambo. Jambo tupu, lisilo kikanushi wala nafsi, ni salamu wanayouziwa wageni pamoja na vinyago. Programu iliyokusudiwa kuwarudishia wenyeji lugha yao haikustahili kuwaamkia kama watalii.

Lakini jina ni dogo. Kazi ya mradi ule ilikuwa kubwa, na wenye kuibeza hawajawahi kutafsiri maelfu ya vipande vya maneno visivyo na muktadha. Neno lililoingia na kukaa vizuri kuliko mengi ni hifadhi: limekwisha kuzoewa katika hifadhi za wanyama na hifadhi ya chakula, nalo hueleza kuweka kitu ili kisipotee. Futa ni zuri pia, maana kila aliyekaa darasani ameona ubao ukifutwa. Ghairi, ambalo watumiaji wa simu wanalikuta kila siku, linastahili sifa maalumu. Kughairi ni kuwa na nia ya kutenda kisha kuiacha, na hilo ndilo hasa linalotokea mtu anapobonyeza kitufe hicho; lugha nyingi zimeridhika na neno la kubatilisha tu. Huenda mtu wa Ilongero au Sepuka hakuwa akilitumia neno hili nyumbani, lakini akielezwa mara moja halimtoki, kwa kuwa anaifahamu hali yenyewe. Kipanya nalo limefaulu, na sarufi yake inapendeza: panya halisi amekufa, kipanya kimekufa.

Penye udhaifu ni katika majina ya programu zenyewe. Kamati za istilahi zimependa mno muundo mmoja, yaani ki- pamoja na shina la kitenzi: kivinjari, kihariri, kidhibiti, kichakata, kisakinishi. Muundo huu ni halali, nao umeipa lugha kifuniko, kifungo na kipimo. Lakini vikipangwa vitano au kumi katika menyu moja, vyote vikianza kwa silabi ile ile, jicho halipati pa kushika. Zaidi ya hayo, vitenzi vilivyo ndani yake mara nyingi si vile avitumiavyo mtu. Kuvinjari, kuchakata na kusakinisha yote ni maneno safi ya Kiswahili, lakini mwenye steshenari hachakati matini; anaandika barua.

Na hapa mfumo wa kujitengenezea huleta jambo ambalo mfumo mzito hauna. Katika IceWM menyu ni faili la maandishi. Kila mstari una neno la kuitambulisha programu, kisha, ndani ya alama za kunukuu, jina litakaloonekana kwenye skrini, kisha picha, kisha amri. Jina hilo ni mali ya mwenye mashine. Openbox nayo huiweka menyu yake katika faili la namna hiyo, ingawa uandishi wake una alama nyingi zaidi. Mtu hahitaji idhini ya kamati wala ya kampuni ili mahali palipokuwa na jina la kigeni aandike Andika barua, Fungua fleshi, Chapa, Sikiliza muziki, Zima mashine. Ichukuliwe kwamba mwenye duka wa Manyoni ameandika hivyo. Ametumia vitenzi vitupu, si majina. Hakuliita lile lenye kufungua fleshi kidhibiti cha faili, maana kwake kazi ni kufungua fleshi ya mteja. Amefuata desturi ya lugha yake, ambayo hupenda kueleza kifaa kwa kazi yake, na amefanya hivyo bila kupitia umbo la nomino lililomlazimu mtaalamu kwa sababu orodha za istilahi huandikwa kwa nomino.

Hili lastahili kukaziwa. Tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya Baraza la Kiswahili la Taifa vya miaka ya 1970, kazi ya istilahi nchini imekuwa kazi ya safu mbili: neno la kigeni kushoto, la Kiswahili kulia. Safu hizo zimeifaa sana elimu ya viumbe, uhandisi na sheria, ambako mwanafunzi huyatwaa maneno na kujitungia sentensi mwenyewe. Kompyuta si kama fani hizo. Kompyuta husema. Hutoa sentensi nzima, na sentensi haziwezi kutungwa kwa kuunganisha maneno ya safu ya kulia.

Mfano ulio wazi ni upatanisho wa ngeli. Programu hutunga ujumbe wake kwa kuacha pengo katikati ya sentensi, kisha jina la kitu hutiwa humo wakati wa matumizi. Kwa Kiingereza pengo hilo halina madhara, kwa kuwa kitenzi chake hakijali ni kitu gani kimefutwa. Kwa Kiswahili faili limefutwa, kiungo kimefutwa, programu imefutwa, madirisha yamefungwa, mtumiaji ameondolewa. Zana ya kutafsiria itumikayo zaidi katika programu huria, iitwayo gettext, humwuliza mtafsiri lugha yake ina maumbo mangapi ya idadi: Kiarabu hupewa nafasi 6, Kijapani 1, Kiswahili 2. Haimwulizi lolote juu ya ngeli. Matokeo yake ni kwamba watafsiri wengi hukimbilia imefutwa kwa kila kitu, na mashine husema kiungo imefutwa. Hilo ndilo kosa ambalo mwalimu wa shule ya msingi hulipigia mstari mwekundu. Mnyaturu na Mnyiramba hulisikia mara moja, kwa kuwa lugha yake mwenyewe inapatanisha vivyo hivyo. Mdatoga aliyejifunza upatanisho kwa taabu huona mashine ya gharama ikizungumza kama yeye alivyozungumza darasa la kwanza, na heshima ya lugha hupungua pande zote mbili.

Wapo wasemao kwamba kosa ni la waliotunga zana, si la watafsiri. Ni kweli kwa sehemu. Mpangilio wa maneno, kwa mfano, zana hiyo huruhusu ubadilishwe, kwa hiyo ujumbe unaosema 3 mafaili badala ya mafaili 3 ni uvivu mtupu. Kwa upande wa ngeli ipo njia ambayo haijajaribiwa vya kutosha. Kitenzi-jina cha Kiswahili kina ngeli yake, ya ku-, na kitenzi kikifuata hupatana nacho wala si na yambwa. Kufuta faili kumekwisha. Kufuta kiungo kumekwisha. Kufungua madirisha kumeshindikana. Pengo likiwekwa baada ya kitenzi-jina, litiwe lolote, sentensi hubaki sahihi. Njia hii hukwama mahali pamoja tu: kitu chenye uhai. Kufuta mtumiaji ni kilema. Yataka kumfuta mtumiaji, yenye -m- yake. Hata hivyo ujumbe uwahusuo watu ni mchache, nao waweza kuandikwa peke yake. Sentensi za namna hii zina ukavu wa simu ya upepo ya zamani, lakini sentensi kavu iliyo sahihi ni afadhali kuliko yenye kutiririka pamoja na kosa.

La pili ni adabu. Katika menyu mtu huiamuru mashine: Futa, Hifadhi, Funga. Hapo amri tupu inafaa. Lakini mashine nayo humwamuru mtu, na tafsiri nyingi huitumia amri ile ile: Ingiza nenosiri. Subiri. Chagua lugha. Kiingereza hakina njia rahisi ya kuzitenganisha hali hizi mbili, maana umbo ni moja. Kiswahili kinayo. Mtoto wa Singida hamwambii babu yake subiri. Humwambia usubiri kidogo, babu. Dhamira tegemezi imewekwa katika lugha kwa kazi hiyo hiyo. Kama mtu akisema na mashine kwa amri, na mashine ikisema na mtu kwa dhamira hiyo (Uingize nenosiri, Uchague lugha), sio tu kwamba adabu inahifadhiwa. Pia msomaji hutambua kwa herufi moja ya mwanzo ni nani anayesema na nani. Faida hiyo ni kubwa mno kwa herufi moja.

La tatu si la adabu bali la hasara. Mswahili akiulizwa hukuja, naye hakuja, hujibu ndiyo, maana yake ni kama ulivyosema. Mwingereza katika hali hiyo hujibu kwa neno la kukana. Sasa mashine ikiuliza kwa kukanusha, kwa mfano Hutaki kuhifadhi mabadiliko?, na chini yake pana vitufe viwili, Ndiyo na Hapana, kila mmoja hufuata sarufi ya kujibu aliyozaliwa nayo, wakati programu imefungwa kwa sarufi moja tu. Barua ya kurasa nne ya mteja aliyetoka Mgori hupotea hapo, na mwenye duka hulaumiwa kwa kosa la kisemantiki. Dawa ni vitufe vyenye vitenzi: Hifadhi, na Acha bila kuhifadhi. Vivyo hivyo Je, una uhakika?, inayotokea kila mara, ni Kiswahili cha maneno lakini si Kiswahili cha mazungumzo. Mtu wa kawaida angeuliza: Kweli faili hili lifutwe?

Saa nayo inastahili neno. Mifumo yote huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mswahili huhesabu kuanzia mapambazuko na machweo. Katika mfumo mzito mtu hufuata mipangilio aliyopewa. Katika ule mwepesi upau wa chini huandikwa kwa faili, na upau uitwao tint2 humruhusu mtu aweke saa ya majira ya mahali apendapo. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya Greenwich; Buenos Aires iko saa 3 nyuma. Tofauti ni saa 6 kamili. Mtu wa Singida akiiweka saa yake kwa majira ya Buenos Aires, na kuitaka ionyeshe saa 12 badala ya 24, skrini itaandika 1:00 saa moja asubuhi, na 1:00 tena saa moja usiku. Ni hila ya kuchekesha, lakini yafanya kazi. Haimalizi tatizo, kwa kuwa tarehe nayo ikifuata majira hayo itabadilika saa kumi na mbili asubuhi. Mtu asemaye usiku wa kuamkia Jumanne amekwisha kuufunga usiku huo na Jumanne, naye hatakubaliana na mashine iuitayo Jumatatu mpaka alfajiri. (Kwa hakika hata hiyo saa kumi na mbili ya saa rasmi si mapambazuko ya Singida: mji uko magharibi ya mstari wa majira ya Afrika Mashariki kwa kadiri ya nyuzi 10, na jua lake huchelewa kwa takriban dakika 40.)

Kuna msamiati mwingine ambao haukutoka kwa kamati wala katika faili la menyu, bali midomoni mwa mafundi. Fundi wa Tanzania hasakinishi mfumo endeshi, anapiga windo. Usemi huu umechekwa na baadhi ya walimu, lakini haukustahili kuchekwa. Kupiga ni kitenzi ambacho Kiswahili kimekitwika kila ufundi mpya uliofika: kupiga chapa, kupiga picha, kupiga simu, kupiga pasi, kupiga kura. Windo humo si dirisha. Ni mfumo endeshi wowote. Ndiyo maana fundi anaweza kusema, bila kuona ajabu, kwamba mashine hii nitaipiga windo ya Linux. Mwenye bidhaa atakasirika, lakini mwanaisimu ataona jina la aina likizaliwa kutokana na jina la kampuni, nalo limekwisha kuwa na kitenzi chake. Kuganda, kwa mashine iliyosimama isiitikie, ni neno jingine la mafundi lililo bora kuliko yote yaliyopendekezwa.

Kwa upande mwingine kamati imeshinda pale ambapo mafundi wamechanganya. Programu za namna hii huitwa huria, na fundi huzitangaza kuwa za bure. Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili mahali ambapo Kiingereza kina moja na kimelazimika kuandika vitabu vizima kulieleza. Bure pia humaanisha pasi na faida, kama katika kazi bure, na mteja aliyeambiwa kwamba mfumo wake ni wa bure huushuku kabla ya kuuona. Ni kweli kwamba huria nalo limekwisha kuchafuka kidogo kwa kukaa jirani na soko huria. Lakini hakuna jingine lililo sahihi zaidi.

Pingamizi kubwa dhidi ya menyu ya kujitungia ni kwamba kila mashine itakuwa na Kiswahili chake. Aliyefundishwa Kiomboi akifika Itigi atakuta maneno mengine, na ile kazi ya usanifishaji iliyoanza na kamati ya mwaka 1930 itakuwa imefunguliwa uzi mmoja mmoja. Pingamizi hili ni zito. Lakini linasahau kwamba usanifishaji wenyewe ulifanywa juu ya lugha iliyokuwa ikisemwa tayari, wala si juu ya karatasi nyeupe. Menyu mia moja zilizoandikwa na wenye maduka mia moja zingekuwa data ambayo hakuna kamati ya istilahi za kompyuta iliyowahi kuwa nayo: ushahidi wa jinsi watu wanavyoviita vitu pale wanapovihitaji. Kukusanya kungehitaji fleshi moja na nauli ya basi.

Mfumo mwepesi humruhusu mwenyewe kwenda hatua moja mbele ya menyu. Katika terminali amri zenyewe ni vifupisho vya Kiingereza vya herufi mbili au tatu, lakini mtu aweza kuzipa lakabu kwa kuandika mstari mmoja katika faili la mipangilio yake. Akiisha kufanya hivyo huandika nakili, kisha jina la faili, kisha jina jipya; au hamisha; au futa. Kitenzi huja mbele na yambwa hufuata, kama sarufi ya Kiswahili ilivyotaka tangu hapo, hata mstari mzima husomeka kuwa sentensi ya amri isiyo na dosari. Mashine hutii bila kusema neno, maana desturi ya amri hizi ni kunyamaza kazi ikifaulu. Mwandishi wa barua wa Kiomboi aandikaye futa barua-ya-jana huiona imefutika. Akikosea herufi moja katika jina la barua, hapo ndipo mashine hufungua kinywa, nayo humjibu kwa Kiingereza.